Programu ya kubadilisha vipimo vya mtiririko: kwa maji naiamini, kwa hewa kuna kasoro

Mimi ni fundi wa pampu na kompresa (mashine za kushindilia hewa) hapa Mombasa. Kazi zangu nyingi ziko Changamwe, Jomvu na upande wa Kisauni. Kwa miezi minane sasa natumia programu moja ya bure ya simu inayobadilisha vipimo vya mtiririko: lita kwa dakika, mita za ujazo kwa saa, galoni, futi za ujazo. Nawaandikia mafundi wenzangu kwa sababu imenirahisishia kazi sana, na kuna siku ilinitia hasarani.

Nianze na maji. Kisauni visima ni vingi na pampu zinatoka kila nchi: kibao kimoja kinasema mita za ujazo kwa saa, kingine galoni, kingine lita kwa sekunde. Mwenye nyumba hayo hayamhusu. Anachotaka kujua ni tangi lake la lita 5,000 litachukua muda gani kujaa. Naandika mita 3 za ujazo kwa saa, simu inanipa lita 50 kwa dakika, namwambia dakika 100. Haihitaji intaneti, na hilo kwangu ni kubwa, maana kwenye vibanda vya pampu mtandao huwa haufiki.

Kilichonivutia zaidi ni galoni. Programu inazo mbili, ya Kimarekani ya lita 3.785 na ya Kiingereza ya lita 4.546, kila moja kwa jina lake. Huku kwetu wazee wanaijua ya Kiingereza. Debe la zamani la mafuta ya taa lilikuwa galoni nne za aina hiyo, yaani lita 18 na kidogo. Nilikuwa na mita ya mtumba iliyoandikwa GPM tu, yaani galoni kwa dakika, bila kusema galoni ya wapi, na tofauti yake ni asilimia 20. Nikafungua maji mpaka mshale ukasimama kwenye 10, nikakinga mtungi wa lita 20 na saa mkononi. Programu ilisema kwa galoni ya Kimarekani ni lita 37.85 kwa dakika, kwa hiyo mtungi ujae kwa sekunde 32 hivi. Kwa ya Kiingereza, sekunde 26. Ulijaa kwa 32. Nikarudia mara tatu, ikawa vilevile. Tangu siku hiyo, kwenye maji siijaribu tena.

Sasa hewa. Mteja wangu ana kiwanda kidogo cha kufungasha bidhaa huko Jomvu, na mashine yake mpya ilikuwa na kibao kinachotaka 100 Nm³/h. Nikatafuta kwenye orodha, nikaona m³/h, yaani mita za ujazo kwa saa, nikaandika 100. Jibu likaja 58.8578 CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. Namba yenye tarakimu nne baada ya nukta inakutia moyo, unaona hesabu imeshapimwa kwa mizani ya dhahabu. Tukanunua kompresa ya 60 CFM.

Ilikuwa msimu wa kaskazi. Usiku ilijikaza, lakini ikifika saa nane mchana mshale wa geji ya presha unashuka kutoka bari 7 hadi 5 na mashine inasimama. Mwenye kiwanda akanipigia: “Fundi, hii kompresa yako inapumua kama mwenye pumu.” Niliona uchungu, kwa sababu pesa zilikuwa zake na neno lilikuwa langu.

Kosa lilikuwa kwenye ile herufi N. Maji ni maji, lita ya asubuhi ndiyo lita ya mchana. Hewa hutanuka ikipata joto na hujibana ikishindiliwa. N maana yake ni hewa iliyohesabiwa kwa nyuzi sifuri za Selsiasi na kanieneo (presha) ya bari 1.013. Mombasa tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo haina neno. Joto ndilo tatizo. Kwa nyuzi 32, unajumlisha 273 ili kupata kelvini, zinakuwa 305, ukigawanya kwa 273 ya nyuzi sifuri, unapata 1.117. Zile mita 100 zinakuwa karibu 112 za hewa ambayo kompresa inavuta kweli, nazo ni 66 CFM. Ongeza mvuke wa maji uliomo hewani, ambao kwa unyevu wetu hula asilimia tatu au nne nyingine, unafika 68. Sisi tulikuwa na 60.

Na ukisimama upande wa pili, baada ya tangi, hewa hiyohiyo kwa bari 7 za geji, yaani karibu bari 8 ukijumlisha ile moja ya angani, imejibana mpaka karibu sehemu moja ya nane. Kwa hiyo “mita 100 kwa saa” bila kutaja joto na kanieneo ni nusu ya habari. Hata herufi S ya “standard”, kama kwenye SCFM, haikuokoi, kwa maana wengine huhesabia nyuzi 15 za Selsiasi, na Wamarekani wapo wanaotumia 60 za Fahrenheit na wapo wanaotumia 68. Mwulize aliyekuuzia, na akuandikie.

Programu haikukosea kuzidisha. Ila inaweka gesi na maji kwenye orodha moja bila hata mstari mmoja wa onyo, na hapo siwezi kuitetea. Visanduku viwili tu, cha joto na cha kanieneo, vingetosha. Nimewaandikia watengenezaji kuwaomba hivyo na nimewatumia hesabu hii ya Jomvu.

Kwa maji naipa nyota tano, kwa gesi mbili. Kompresa ya kwanza tuliirudisha kwa kuongeza pesa, tukachukua ya 80 CFM. Juzi nilipita pale saa nane mchana, jua la utosi, mshale umetulia kwenye 7.