Waridi la jangwani: nunua kitako, maua yatakuja

Ukiingia kwenye bustani ya miche, macho hukimbilia maua. Yashushe hadi pale shina linapotoka udongoni. Waridi la jangwani huweka maji kwenye kitako chake kilichovimba, na akiba hiyo ndiyo inayolivusha kiangazi.

Namba moja kwangu ni mche ulioota kwa mbegu. Kitako chake huanza kunenepa ungali mdogo, na ukipata jua huweza kuchanua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mbegu haifuati rangi ya mama kila mara, hivyo kama rangi ni muhimu kwako, chagua ulio tayari na ua.

Kabla ya kulipa, bonyeza kitako kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu, chukua. Kikiwa kimenywea lakini kikavu, mti una kiu tu. Kikibonyea kama papai lililoiva mno, kimeoza ndani, na hata ukipewa bure uache. Chungulia na chini ya majani: vidung'ata weupe kama pamba utawapeleka kwenye maua yako yote.

Namba mbili ni uliobebeshwa, yaani tawi la mti mmoja limeunganishwa kwenye shina la mwingine. Hapa rangi unayoiona ndiyo utakayobaki nayo, hata yale maua yenye petali za tabaka mbili tatu, ila bei hupanda. Hakikisha kiungo kimeshikana, na ukishaupeleka nyumbani kata kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo.

Wa tatu ni uliotokana na tawi. Huchanua mapema, lakini kitako huchelewa sana.

Uliong'olewa porini usinunue kabisa. Huu ni mti wa kwetu, wa nyika kavu kama Tsavo, na inauma kuona mti wa miaka mingi umelazwa kando ya barabara, mizizi imekatwa kwa panga. Majeraha hayo ndiyo mlango wa kuoza.

Upande kwenye chungu chenye matundu, mchanga mwingi, kokoto na samadi kidogo, juani. Mwagilia udongo ukishakauka. Baridi ya Juni na Julai kule Arusha au Nairobi huweza kupukutisha majani. Punguza maji, haujafa.

Utomvu wake ni sumu, ndio Wahadzabe hupaka kwenye mishale. Vaa glavu unapopogoa, na uweke mahali watoto na mbuzi hawafiki.