TAHADHARI: jamaa wa vipima gesi Mwanza, kaniuzia mashine yenye sensa (vile vihisi vya gesi vya ndani) zilizokufa

Wandugu nimepigwa, na aibu ni kwamba mimi ndio yule ninayewaambiaga kila siku msinunue kitu bila kukijaribu. Nilikijaribu!

Nilikuwa na haraka ya kupata kipima gesi cha vijana wangu wanaoshuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi. Jamaa ana duka kabisa, sio wa kutembeza, risiti anatoa, anaongea vipimo vya gesi, ppm sijui LEL, mpaka unajiona hujasoma. Kilichonimaliza ni lile jaribio. Katoa kiberiti cha gesi, kakibonyeza bila kuwasha, kakisogeza kwenye mashine, piii piii piii, taa nyekundu. Haya ipulizie na wewe bosi. Nikapuliza, oksijeni ikashuka toka asilimia 20.9 ya hewa ya kawaida ikalia tena, nikacheka kama mtoto. Nikamhesabia laki sita na nusu, na elfu hamsini ya "sevisi" juu.

Wiki ya pili vijana wakaishusha pampu ya injini ya petroli chini shimoni, nilishawakataza ila hiyo kesi nyingine, wakapanda vichwa vinawagonga, mmoja anatapika, na mashine ilikuwa shingoni mwake inasoma CO (ile gesi ya sumu ya moshi wa injini) 0. Sifuri! Nikaipeleka kwenye ekzosi ya jenereta, sifuri vilevile. Nilikaa chini.

Fundi kaifungua, kumbe ndani sensa ziko nne, kiberiti kinaamsha ile ya gesi za kuwaka tu, pumzi inaamsha ya oksijeni, yaani ya CO na ile ya gesi ya sumu inayonuka mayai viza siku ile hazikuguswa kabisa. Na hizo zina maji ya kemikali ndani, zinachoka hata zikikaa kabatini, miaka miwili mitatu hivi basi. Zangu zimeandikwa 2016, stika ya nje 2023! Na ikishakufa wala haikwambii, inakaa tu sifuri kama hewa safi.

Huyu mtu ni wa kufungwa, na kabla ya kufungwa ashushwe duarani na hiyo mashine yake shingoni, pampu ikiunguruma. Polisi nimeenda wananiambia ni madai. Madai? Mnaonunua ulizeni tarehe ya sensa yenyewe sio ya boksi, na ajaribu kwa chupa ya gesi yenye CO, akileta kiberiti ondokeni. Duka lina geti la bluu, simu hapokei, na ile elfu hamsini ya sevisi nayo naitaka.