Daftari la nukta: uzoefu wangu kwa wenye nyota za udongo

Nyota yangu ni Mashuke. Sisi wa udongo, yaani Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi, tunasifiwa kwa hesabu, subira na kazi ya mikono. Sayansi haijathibitisha kwamba nyota humpa mtu tabia, na sitabishana na asiyeziamini. Ila tangu nilipokuwa nasoma utabiri wa marehemu Sheikh Yahya Hussein gazetini, sifa hizo nimejiona nazo, na ndizo zilizonielekeza kwenye njia hii ya kujitafakari: daftari ninalotia nukta kila jioni penye kosa.

Kwanza nilijaribu programu ya simu, ile ya kufumba macho na kufuata pumzi. Sauti tamu, muziki mzuri. Lakini nikifumbua macho sina cha kushika, wala sijui kesho nibadili nini. Mdogo wangu ni Samaki, anaitumia hadi leo na inamtuliza kweli.

Kilichonifaa ni kaunta buku ya kawaida ya dukani, rula na kalamu ya risasi, kwa mtindo wa Benjamin Franklin. Huyu alizaliwa 17 Januari 1706, kwa hiyo ni Mbuzi, na alikuwa mchapaji huko Philadelphia, Marekani, mtu wa karakana. Aliorodhesha tabia njema 13, akapiga mistari kwenye kijitabu: siku za wiki juu, tabia pembeni. Kila jioni alijikagua, na alipoona dosari akatia nukta nyeusi. Kila wiki alikazania tabia moja, ili baada ya wiki 13 aanze upya. Mwaka unaenea mizunguko minne kamili. Kijitabu kilipotoboka kwa kufutwafutwa, alihamia kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu vinavyofutika kwa sponji yenye maji. Na tabia iliyomsumbua kuliko nyingi ni utaratibu, yaani kuweka kila kitu mahali pake! Hilo lilinipa moyo sana.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo tabia zangu nimezichagua kwa maisha yangu: subira kwa wateja, kutimiza ahadi, kula kwa wakati, kuwasikiliza wa nyumbani, na nyingine chache. Muhasaba wangu, yaani kujikagua, naufanya usiku, nikishafunika cherehani. Ni dakika chache tu.

Faida yake huioni siku ya kwanza. Huiona ukurasa ukijaa. Kwangu, nukta za subira zilirundikana Jumamosi, siku ambayo watu wanakuja kuchukua nguo za harusi na sare za shughuli, wote kwa pamoja na wote wana haraka. Nisingeliona hilo kwa kufumba macho. Nikaamua vitambaa vya shughuli vipokelewe mwisho Jumatatu, na kujaribisha nguo kuwe Alhamisi. Jumamosi zangu sasa zina nafasi ya kupumua, na wateja wenyewe wanasema.

Upande wa pesa nimeongeza maswali ya kakeibo, daftari la matumizi ya nyumbani lililoanzishwa mwaka 1904 na Hani Motoko, mwandishi wa habari wa Japani aliyezaliwa 8 Septemba 1873, Mashuke mwenzangu. Mwisho wa mwezi najiuliza: nina kiasi gani, nataka kuweka kiasi gani, natumia kiasi gani, nitarekebisha wapi? Kwa mwenye biashara ndogo, hapo ndipo roho na mkoba vinapokutana.

Kasoro ipo. Nukta zinahesabu makosa tu, na mtu wa Mashuke hahitaji msaada wa kujikosoa. Dawa yake ni ya Franklin mwenyewe, ambaye kila jioni alijiuliza leo amefanya jema gani. Jibu naliandika chini ya jedwali kwa wino, si kwa risasi, maana hilo sitaki lifutike.

Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa Mbuzi na Mashuke. Ng'ombe, mnaopenda vitu vizuri mkononi, nunueni daftari lenye jalada gumu na karatasi nzito, kwa sababu mtalishika kila siku. Anzeni na tabia tatu au nne, na mwezi wa kwanza msimwoneshe mtu.