Nimesuka saluni ya mtaani Pasua, na nywele zangu za mbele zimeanza kurudi

Miaka mitatu nilikuwa nasukia mjini Moshi, saluni moja yenye vioo ukuta mzima. Rasta zao nzuri kweli, ila nikitoka pale siku mbili silali. Kichwa kinavuta hadi nyusi, vipele vinaota kwenye paji, na nikilalamika naambiwa, "Vumilia dada, zitalegea." Zikalegea, na nywele za pembeni zikaondoka nazo.

Wiki tatu zilizopita nikaingia saluni ya hapa kwetu Pasua, fremu moja tu, ambayo nilikuwa naipita kila siku nikienda dukani. Mama mwenye saluni hakuniuliza mtindo. Alinivua kilemba, akapitisha kidole gumba juu ya sikio, taratibu, akauliza, "Mwanangu, hizi zilikatika lini?" Nikamweleza. Akasema hapa mbele leo hasuki, na rasta za kiunoni nizisahau, maana uzito wake unavuta mashina yaleyale. Tukakubaliana za mabegani, nene. Akaniambia kipara kinachotokana na nywele kuvutwa kikiwahiwa nywele hurudi, kikiachwa miaka mashina hufa.

Rasta nilizonunua akaziloweka kwenye beseni la maji na siki. Nilichungulia, juu umeelea utando mweupe. Huenda ndio uliokuwa unaniwasha kichwa siku zote! Akazisuuza, akazianika kambani.

Kusuka kwenyewe anaanza na nywele zako, rasta anaiongeza kidogo kidogo, fundo hakuna. Kila akimaliza mstari ananiambia, "Inua nyusi," aone kama inavuta. Mbili za nyuma ya sikio ziliniuma, nikanyamaza kwa mazoea. Aliona nimekunja uso, akazifumua zote mbili akaanza upya. Hakuna msusi aliyewahi kunifanyia hivyo.

Kasoro zipo. Umeme ulikatika kabla ya draya, nikakaa juani nusu saa nzima, kwa sababu hasuki nywele mbichi. Kiti ni cha plastiki na mgongo uliniuma. Kuingia saa mbili asubuhi, kutoka saa kumi, na katikati alisimama kumfumua binti wa shule. Mwenye haraka atachoka.

Nililipa 20,000, rasta pakiti nne nilinunua mwenyewe. Usiku ule nililala ubavu, shavu kwenye mto, hadi asubuhi.

Leo asubuhi nimejipaka mafuta ya nazi mbele ya kioo, kidole kikagusa vinyweleo vifupi, laini, pale pembeni palipokuwa peupe. Nimemwita mume wangu aje aone. Wiki ya sita nafumua, mama amesisitiza nisipitishe. Ukienda, nenda Jumanne au Jumatano, Jumamosi foleni inafika nje. Na ukiumia, sema.