Google Scholar kwa wanaofuatilia rai pinzani: msaidizi mzuri, shahidi nusu

Sehemu ya kesi ya Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, ni ya bure na ina hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani kuanzia 1791. Kwa anayetaka kuona rai ya jaji aliyeshindwa (rai pinzani) ikigeuka kuwa tafsiri ya Katiba, ni pa kuanzia pazuri.

Chagua utafutaji wa kesi, kisha andika namba ya ripoti badala ya majina ya wadaawa. Kwa 316 U.S. 455 (juzuu ya 316 ya ripoti rasmi, ukurasa wa 455) unaipata Betts v. Brady ya 1942, ambapo walio wengi walikataa kwamba kila mshtakiwa maskini katika mahakama za majimbo ana haki ya kupewa wakili. Usiishie hapo juu. Rai pinzani huja mwisho, na ya Jaji Hugo Black imo ukurasa wa 474. Halafu fungua 372 U.S. 335, Gideon v. Wainwright ya 1963: Betts imetupwa, na mwandishi wa hukumu ni Black yuleyule. Angalia hoja yake: anasema Betts ndiyo iliyoiacha njia ya Powell v. Alabama ya 1932, iliyotaka washtakiwa wa kesi ya kifo wapewe wakili. Rai pinzani inayoonyesha kwamba walio wengi ndio waliopotoka humrahisishia kazi jaji wa kesho, kwani anaweza kupindua hukumu huku akidai anarudi kwenye msingi.

Kasoro sasa. Kiungo cha How cited huorodhesha kesi zilizoitaja hukumu nzima, bila kutenga waliofuata walio wengi na waliomfuata mpinzani. Ukitegemea hesabu yake, utadanganyika. Chukua Bowers v. Hardwick ya 1986, iliyokubali jimbo kuadhibu tendo la ngono kati ya wanaume, ambapo Jaji Stevens alipinga. Dawa ni kutafuta "Bowers v. Hardwick" pamoja na "Stevens, J., dissenting", alama za kunukuu zikiwemo, kisha kubana matokeo kwa mahakama na mwaka. Mfano wa unachotafuta ni Lawrence v. Texas ya 2003, iliyoipindua Bowers, ambamo Jaji Kennedy anasema wazi kwamba hoja ya Stevens ya 1986 ndiyo iliyostahili kufuatwa.

Hata mbinu hiyo ina mwisho wake. Rai pinzani ya Jaji Harlan katika Plessy v. Ferguson (1896), hukumu iliyoruhusu utengano wa rangi, inasifiwa kila mahali, lakini Brown v. Board of Education ya 1954 iliiangusha hoja ya Plessy katika elimu ya umma bila kuinukuu rai hiyo. Athari ya namna hii haishikwi na mtambo wa kuhesabu nukuu.

Kasoro mbaya zaidi ni kwamba hakuna alama ya onyo kwa hukumu iliyobatilishwa. Betts inafunguka safi, kana kwamba bado ni sheria hai. Mwanafunzi asiye makini ataipeleka darasani hivyohivyo. Wakili akifanya hivyo, gharama ni kubwa zaidi. Soma kesi za karibuni zilizoitaja kabla ya kuitumia, na maneno ya kunukuu yahakiki kwenye nakala ya PDF ya ripoti rasmi, inayopatikana bure Maktaba ya Bunge la Marekani.