Springi fupi kwenye Altezza: seti mbili, gari moja, barabara ya Goba

Toyota Altezza yangu ni RS200 ya mwaka 1999, namba ya muundo SXE10, gia sita za mkono. Siku naitoa bandarini ilikuwa imesimama juu kama inataka kuvuka mto. Kati ya tairi na fenda ngumi inaingia na nafasi inabaki. Nilitaka ishuke, lakini si kama zile za vijana zinazopanda tuta kwa ubavu huku abiria kashuka anachungulia chini. Milimita 30 zilinitosha, na gari lishike kona. Kufika hapo nimenunua springi mara mbili.

Seti ya kwanza niliinunua duka moja la spea Kariakoo, shilingi 180,000. Nyekundu, inang'aa, na kwenye boksi hakuna namba ya gari hata moja. Nikamuuliza muuzaji zinafunga Altezza ipi. "Zote, kaka. Altezza si Altezza?" Pale pale ningerudisha pesa mfukoni. Kuna Altezza ya silinda nne kama yangu, kuna GXE10 ya silinda sita, na kuna ndugu yao aliyeuzwa Marekani kama Lexus IS300 mwenye injini ya lita tatu, 2JZ. Uzito unaokaa juu ya springi za mbele haufanani. Springi iliyopigiwa hesabu ya 2JZ ukiifunga kwenye silinda nne, pua inabaki juu na umekula hasara. Haya nilikuwa nayajua, ila ile nyekundu ilinipendeza.

Wiki ya kwanza nilipiga picha nyingi. Wiki ya pili mke wangu alikaa nyuma na watoto, tukapita matuta ya kwetu Goba taratibu kabisa, na kila tuta gari likajibu *ngo!* kama mtu kapiga sufuria. Barabara ya Bagamoyo, spidi 80, lilikuwa linanesa kama boti ya Kigamboni. Nikashangaa: springi ya michezo inanesaje?

Kazi yangu ni kupima viwanja, kwa hiyo nikizidiwa napima. Nikazitoa, nikachukua kalipa, kile chombo cha kupimia unene. Waya wa springi ya kiwandani ulikuwa milimita 13.0, wa ile nyekundu 12.1. Mizunguko ileile, upana uleule. Utasema tofauti ya chini ya milimita moja ni nini, lakini ugumu wa springi unafuata unene wa waya ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Gawanya 12.1 kwa 13, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe mara nne, unapata kama 0.75. Robo nzima ya ugumu imekwenda. Yaani nilikuwa nimenunua springi fupi na laini kwa pamoja. Gari likishuka, safari ya shokapu inabaki fupi, kwa hiyo springi inatakiwa iwe ngumu zaidi ili isimalize hiyo safari mapema. Yangu ilikuwa inaimaliza kila tuta, na ile *ngo* ni kile kimpira kwenye fimbo ya shokapu kinabamizwa.

(Wale wanaokata springi za kiwandani kwa grainda: springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, hilo ni kweli, maana mizunguko imepungua. Tatizo ni ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kiti chake, na gari likinyanyuliwa springi inacheza humo ndani. Sitaki kukaa kwenye gari hilo.)

Seti ya pili nilikaa miezi mitatu nikiitafuta. Niliwaza Eibach na H&R, Wajerumani ambao viwanda vyao viko miji jirani kabisa, Finnentrop na Lennestadt, lakini springi zao hapa Dar nilizokutana nazo zilikuwa za BMW na Golf. Mwisho nikapata Tein za mtumba kutoka Japani, za kijani, zimeandikwa SXE10 kwenye stika ambayo bado inasomeka. Laki tatu na nusu. Rangi ya kijani peke yake isikudanganye, kopo la rangi kila duka linalo. Mimi niliangalia stika, nikapima waya wa zote nne, nikazisimamisha mbili mbili sakafuni nione kama kuna iliyolala kuliko mwenzake. Muuzaji alinitazama kama nachagua mahari.

Kufunga ndiko kulikotaka kuharibu kila kitu. Fundi wangu ni mtu mzima, mikono safi, nina imani naye. Alibana springi vizuri kwa vibanio viwili, akabadilisha vimpira vilivyokwisha, akarudisha mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, halafu akashika spana kukaza bolti za boshi, mipira ya maungio ya mikono hiyo, wakati gari liko kwenye jeki na matairi yananing'inia.

"Fundi, subiri. Tulishushe kwanza."

"Nikishusha nitaingiaje chini, bosi?"

Tukatafuta mbao, tukaliweka gari juu ya mbao kwa matairi yake, likabeba uzito wake, ndipo akajipenyeza kukaza. Mpira wa boshi umeshikana na chuma ndani na nje. Ukiukaza mkono ukiwa unaning'inia, gari likishuka chini ule mpira unakaa umejisokota siku zote, unachanika kabla ya wakati wake, na gari linakaa juu kuliko springi ilivyokusudia. Watu wengi wanalaumu springi hapo. Fundi hakubisha, alisema tu kwamba amefunga gari nyingi na hakuna aliyerudi. Nikamwambia labda walihamia kwa fundi mwingine. Akacheka, nashukuru.

Vipimo kwa milimita, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda: mbele 365 ikawa 338, nyuma 368 ikawa 345. Hizi nimezichukua baada ya wiki mbili za kutembea. Alaimenti nilifanya siku hiyohiyo ya vipimo, maana Altezza ikishuka matairi yanainama ndani kwa juu, na ukiacha vidole vya mbele, yaani matairi ya mbele yanavyoelekea ndani au nje, bila kurekebishwa, upande wa ndani wa tairi unaliwa huku wa nje unang'aa mpya. Taa za mbele nazo zilihitaji kupandishwa kidogo.

Kabla ya kufunga niliviringisha utepe wa plastiki, ule wa kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu moja ya mbele. Shokapu ikizama, utepe unasukumwa na kubaki pale ilipofika. Nimeuangalia baada ya mwezi, nikiwa nimepita Goba kila siku na kwenda Morogoro mara moja: umebakiza kama kidole kimoja kufika kwenye kimpira. Nikiwa peke yangu au na mke wangu, gari liko vizuri mno. Kona za kuteremka linakaa, breki haliinamishi pua kama zamani, na *ngo* imekwisha. Ni gumu, sikatai. Kwenye vumbi la mita 600 kabla ya kwangu unasikia kila jiwe, na shokapu zangu ni zile za kiwandani za miaka ishirini na ushee, sidhani kama zitamaliza mwaka na springi hizi.

Wakikaa watu wawili nyuma bado naogopa tuta moja la pale kwenye duka la dawa, eksozi inalilamba. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Tanga na gunia la machungwa. Siwezi kumwambia mama mkwe ashuke avuke tuta kwa miguu, kwa hiyo kumpokea stendi nilikwenda na Noah ya mke wangu.