"Wewe ni nani wa Rais?": uzoefu wangu wa kutafuta siku moja ya Mwalimu

Nyota mbili kati ya tano, kwa masjala, yaani chumba cha majalada, ya ofisi moja ya serikali hapa Tanga. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili usiku nilipopoa, na sasa hivi ninavyoandika naona damu inapanda tena, kwa hiyo msishangae mkifika chini mkakuta nimebadilisha.

Wanaonifahamu hapa Tanga wanajua mama yangu ana kesi na Mwalimu Nyerere. Si kesi ya siasa, ni kesi ya jua. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa mtoto wa shule ya msingi, wakapangwa halaiki ya kumpokea Rais. Waliambiwa anaingia saa tatu asubuhi. Wakasimama kuanzia saa moja, soksi nyeupe, tumbo tupu, kwa sababu mwalimu wa zamu alisema wakinywa uji watasumbua kwenda haja. Saa tatu ikapita. Saa sita ikapita. Rais aliingia kwenye saa tisa, na mama hakumwona, maana saa nane na kitu alianguka. Alipozinduka yuko chini ya mwembe, mtu anampepea kwa kipande cha boksi, na msafara umeshapita. Mpaka leo kila ikifika tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka, redio ikianza hotuba za Mwalimu, mama hupunguza sauti na kusema: "Zile saa sita alikuwa wapi?"

Mimi nina kibanda cha steshenari Ngamiani. Natoa kopi, naprinti, nachapa barua za watu. Siku moja mwanafunzi wa chuo alileta kazi yake niiprinti, na katikati kulikuwa na karatasi iliyonifanya nisimamishe mashine. Ilikuwa siku nzima ya Rais wa Marekani. Juu tarehe na mahali. Kushoto safu mbili za saa, alipoanza na alipomaliza. Halafu safu nyembamba ya simu, yenye herufi P akiwa yeye ndiye kapiga, R akiwa kapigiwa. Kisha alichofanya, kwa sentensi fupi kavu kama za askari wa zamu: Rais alikwenda ofisini, Rais alikwenda ghorofa ya pili. Hakuna sifa hata moja, wala "mheshimiwa" iliyorudiwa mara kumi. Ni dakika tu.

Nilikesha na karatasi kama hizo. Ziko wazi intaneti kwenye maktaba za marais wao, husajili, hulipi. Siku ya Rais Nixon ya tarehe 9 Mei 1970 niliisoma kama hadithi. Usiku kucha anapiga simu, moja baada ya nyingine, halafu kabla ya alfajiri anatoka na mtumishi wake wa chumbani kwenda kwenye sanamu ya Lincoln kuongea na vijana waliokuja kuandamana kupinga vita vya Vietnam, na kulipopambazuka anaishia hoteli ya Mayflower kula nyama ya kopo iliyokaangwa na viazi, na yai juu yake. Rais wa taifa kubwa hana usingizi, na wapo watu waliokusanya hayo kutoka kwa walinzi, kwa wahudumu wa nyumba na kwa watu wa swichibodi, wakayapanga kwenye karatasi. Hapo niliwapa nyota tano bila kufikiri.

Nikamtafuta Mwalimu humo humo. Yumo. Kwa Kennedy yumo Julai 1963, sisi bado Tanganyika. Kwa Carter yumo tarehe 4 na 5 Agosti 1977. Na si saa peke yake: hata kumbukumbu ya mazungumzo ya Agosti ile imechapishwa, unaweza kusoma walivyolizungusha suala la Rhodesia, Zimbabwe ya leo: Ian Smith, mkuu wa serikali ya Wazungu kule, ataondokaje, na jeshi la nani litabaki. Nikamsomea mama nikitafsiri. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huko alichelewa?" Nikamwambia mama, huko kwa Wamarekani. "Ndiyo nakuuliza."

Nisiwapambe sana. Zipo kurasa unafika unakuta karatasi inayosema hati imeondolewa, basi, umegonga ukuta. Wala hawakuzaliwa waungwana: Nixon alitaka karatasi zake na kanda alizorekodi mazungumzo ya ofisini ziwe mali yake, Bunge lao likamnyang'anya kwa sheria mwaka 1974, na mwaka 1978 ndipo ikatungwa sheria kwamba karatasi za rais ni za taifa, kuanzia yule atakayeingia mwaka 1981. Na kwenye kanda za Nixon kuna dakika 18 na nusu za tarehe 20 Juni 1972 zilizofutika, mpaka leo watu wanazililia. Nilimweleza mama. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dakika kumi na nane ndiyo kelele zote hizo?"

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo palipoichoma roho yangu.

Nikajisemea, kama dakika za Mwalimu Washington nimezipata nikiwa Ngamiani kwa bando la siku moja, saa zake za Tanga zitanishindaje nikiwa Tanga? Ziara ya Rais haiji kama mvua ya ghafla. Lazima kulikuwa na ratiba, barua, orodha ya magari, nani anampokea wapi. Vitu hivyo vina jalada. Nikapanda baiskeli mpaka kwenye ofisi moja ya serikali mjini, siitaji, wenyewe wanajijua.

Masjala ipo nyuma, dirisha lenye nondo. Ndani unaona rafu mpaka darini, majalada yamefungwa kwa kamba ya katani (Tanga tena, kamba gani nyingine?), mengine yamevimba kwa unyevu. Bwana mmoja wa rika langu alikuwa anamenya chungwa, anazungusha kisu taratibu ganda lisikatike. Nilimsubiri amalize. Hakumaliza.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri. Shida?"

"Natafuta jalada la ziara ya Rais hapa Tanga. Miaka ya sabini mwanzoni."

"Rais gani?"

"Mwalimu Nyerere."

Kisu kikasimama. Ganda likakatika. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kofia, akauliza: "Wewe ni nani wa Rais?"

Wapendwa, majibu niliyapata usiku, kumi na mawili, mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini pale dirishani nilitoa moja tu. Nilisema, "Mimi mwananchi."

Akageuka nyuma akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Kuna mwananchi huku."

Wakacheka wote wawili. Si kicheko cha ubaya, kwa kweli, kile cha ofisini cha mtu aliyechoka kabla ya chai ya saa nne. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa nondo nimeshika kofia. Nina watoto watatu, nalipa kodi ya kibanda, nimepiga kura kila uchaguzi tangu nifikishe umri, na neno "mwananchi" linaita watu waje kucheka.

Yaliyofuata nayapitia haraka maana mnayajua. Lete barua ya serikali ya mtaa. Nikaleta. Mwandikie mkuu wa ofisi. Nikamwandikia, nimechapa mwenyewe, haina hata kosa la nukta. Mkuu yuko Dodoma kwenye semina. Njoo Jumatatu. Jumatatu ipi, hakuna aliyesema. Safari ya tatu mmoja akaniambia mafaili ya zamani yaliliwa na mchwa. Wa pili akasema yalipelekwa Dar. Wa tatu akasema faili kama hilo halijawahi kuwepo. Kwa hiyo mchwa wa Tanga walipanda basi mpaka Dar wakala faili ambalo halikuwepo. Nyota sifuri! Hapa niliandika sifuri kwa kalamu, kwenye ukuta wa kibanda changu.

Ngoja nitende haki, japo sijisikii. Masjala si chumba cha kusomea. Kazi ya yule bwana ni kutoa faili kwa maofisa na kulirudisha rafuni, hakuajiriwa kuwahudumia wenye kesi za jua. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, sijawahi kukanyaga mlangoni kwao, kwa hiyo siwasemi. Na sheria yetu haina ubaya wowote: ile ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inasema miaka 30 ikipita nyaraka zifunguliwe, na ile ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016 inasema ujibiwe ndani ya siku 30. Thelathini na thelathini. Mama yangu kashasubiri zaidi ya hamsini.

Halafu kuna hili, ndilo lililoniongezea nyota ya pili. Safari ya nne nilimkuta yule bwana wa chungwa peke yake. Akasogea kwenye nondo, akashusha sauti. "Kaka, mimi nakuelewa. Lakini nikikupa, kesho likaleta maneno, wewe utakuwa kwenye kibanda chako. Mimi nitaitwa." Akasema na mshahara wake ni shilingi ngapi, nami nisiutaje. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Huyu hakuwa na dharau siku ile, alikuwa na hofu, na hofu huwezi kuipa nyota wala kuinyima. Halafu usiku nikakumbuka "njoo usikie", hasira ikarudi mahali pake. Kwa hiyo sijui. Moja na nusu.

Jioni hiyo mama alinikuta nachora. Nilikuwa na kaunta buku na rula, napiga mistari kama ile fomu ya Wamarekani: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, simu, shughuli. Akauliza ya nini. Nikamwambia, kama ya Mwalimu haipatikani, tuandike yako. Nilidhani atanifukuza. Akavuta kigoda.

Mama anakumbuka kila kitu. Saa kumi na nusu, kuamshwa na bibi. Saa kumi na moja na robo, bombani, foleni ya watu saba. Saa moja, mstari wa tatu, wa nne kutoka kushoto. Saa nne, mtoto wa mbele yake kajikojolea, mwalimu kajifanya hakuona. Saa sita, adhana, mwalimu mmoja akaondoka kwenda kuswali, hakurudi. Saa saba, pikipiki ya polisi ikapita mbio, wote wakapeperusha bendera, ikawa ni pikipiki tu. Akaniuliza ile safu nyembamba ni ya nini. Nikamweleza P na R. Akafikiri kidogo. "Saa nane na nusu weka R. Niliitwa jina mara mbili, niliwasikia, sikuweza kuitika."

Saa tisa tuliacha wazi. Nilitaka kuandika "Rais anapita", akanizuia mkono. Hakumwona, kwa hiyo halimo.

Nikachapa safi, ukurasa mmoja na nusu, nakala mbili, na barua ya juu: Yah: Kumbukumbu ya Mapokezi ya Mheshimiwa Rais. Nikarudi kwenye dirisha lile lile. Yule bwana akazipokea zote mbili, akagonga muhuri IMEPOKELEWA huku na huku, moja akaichomeka kwenye trei, ya pili akanirudishia chini ya nondo. Hakusoma hata mstari mmoja. Hakuuliza mimi ni nani.

Nilikuwa nimeshafika kwenye baiskeli ndipo nikatazama muhuri vizuri. Tarehe ilikuwa ya jana, hawakuwa wameizungusha. Nikarudi kumwambia.

"Si mbaya," akasema.